Mtoto Anayechafua Nguo: Bibi Zetu Walijua Nini?



Leo tunaleta jambo ambalo somo hatakufundisha na shoga hatakuambia, kwa sababu kila mwenye nalo analificha: mtoto wa miaka mitano, mwenye akili zake timamu, bado anajichafua haja kubwa.

Sisi lilitukuta hapa Hombolo, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, tulikofuata ndoa tukaja na cherehani yetu kutoka kisiwani. Kila jioni chupi ya mtoto wetu ilikuwa na madoa. Tukaona tumbo linamwendesha, tukampa dawa ya kuzuia kuharisha. Halikukoma. Tukamsema mbele ya wenzake, na Mungu atusamehe, tukamchapa. Daktari alipombonyeza tumbo alitwambia neno lililotunyamazisha: huyu haharishi, huyu amefunga choo.

Ndivyo inavyokuwa kwa watoto wengi wa aina hii. Siku moja choo kigumu kinamuumiza, siku ya pili anakiogopa, anakizuia. Choo kinarundikana, utumbo unatanuka, na ile hisia ya kubanwa inafifia. Kisha choo laini kinapita pembeni na kuvuja, mtoto mwenyewe hana habari. Tulimpiga kwa jambo asilolijua.

Tukajiuliza, bibi zetu walifanyaje?

Tukianza na pwani yetu, mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilitoa utafiti wa deVries na deVries juu ya mama wa Kidigo wa pwani ya Kenya. Mama hao walianza wiki chache tu baada ya kujifungua. Kwa haja kubwa, mama anakaa chini, anakunja magoti, anamweka mtoto juu ya miguu yake wakiangaliana. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto anaitika. Marekani kwenyewe, Daktari Brazelton alikuwa ameandika mwaka 1962 kwamba mtoto asubiriwe mpaka kama miezi 18. Njia ni mbili na hazifanani, lakini zote mbili hazina kiboko.

Huku Dodoma historia ilipita kwenye shimo. Mwaka 1970 na 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya watu vijijini. Nyumba zikasogeleana, porini hapakufaa tena. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima wapatao milioni 2, nchi nzima, walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Kampeni hiyo ilikuwa na faida kubwa, hatuna ubishi. Lakini choo kilichimbwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu akisimama juu ya tundu lile, gizani, anaona atatumbukia. Wetu aliogopa hivyo hivyo, akajizuia, sisi tukasema ana kiburi.

Halafu zikaja pampasi. Kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Pampers Marekani mwaka 1961, na leo ziko mpaka duka la jirani. Tunaoshona nepi za kitambaa tunajua biashara ilivyopungua! Hatuzilaumu, zimempumzisha mama. Ila bibi alikuwa akimsoma mtoto usoni, akijua sasa amebanwa. Hilo halimo kwenye pakiti.

Basi tukachanganya ya bibi na ya daktari. Kwanza alipewa dawa ya kulainisha choo, akaitumia kwa miezi, maana utumbo uliotanuka haurudi kwa wiki moja. Usiikatishe kwa kuwa umeona nafuu. Baada ya kila mlo anakaa kwenye poti dakika tano mpaka kumi, miguu imekanyaga vizuri, nasi tumekaa naye. Maji ya kutosha, papai, maharage, mlenda ambao huku haukosekani. Akichafuka tunamwosha kimya kimya. Akikaa vizuri anasifiwa, hata kama hakutoa kitu.

Mpeleke hospitali mapema ukiona damu kwenye choo, tumbo limevimba, anatapika, anakonda, miguu inakosa nguvu, au kama alipozaliwa alichelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya siku mbili. Na mtoto aliyevuka miaka minne akiendelea kujichafua, usingoje akue aache mwenyewe.

Dada zetu, sisi tumelelewa kuogopa najisi, na twahara ni nusu ya imani. Lakini kumbukeni Ummu Qays bint Mihsan (R.A.) alivyompeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (S.A.W.). Mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akaomba maji akainyunyizia ile nguo. Hatukusimuliwa kwamba alimkemea mtoto wala mama yake.

Nguo inafuliwa. Sisi tunashona, tunajua hata doa gumu lina dawa yake. Lakini wetu, mpaka leo akisikia tunamwita kwa sauti kubwa, kwanza anashika suruali yake kwa nyuma. Hilo ndilo tunaloliombea dua. Bibi harusi unayesoma, uanze na huruma, yasikufike haya.

Wabillahi tawfiq.