Kitega, Muhinga na faili la mtindo

Kwenye karatasi za wazee wetu wengi mji wa Gitega haupo. Ulioandikwa pale ni Kitega. Muyinga nayo haipo, kuna Muhinga. Ndivyo ramani na karatasi za serikali ya Wabelgiji zilivyoandika, na mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1962 akabatizwa na kuandikishwa kodi kwa herufi hizo. Leo mzee huyo anakaa mbele ya meza, kijana anatafuta Muhinga kwenye orodha ya kompyuta, orodha hairudishi kitu. Kijana anainua macho na kumtazama mzee. Nimeona mazungumzo ya namna hiyo yakila asubuhi nzima, kisa y na h.

Tuanze na Kitega, maana hiyo inaelezeka. Kirundi hakipendi sauti mbili kavu zifuatane. Kiswahili kinasema kitabu, Kirundi kinasema igitabo: ile k ya mbele inalainika kuwa g kwa sababu nyuma yake kuna t. Wanaisimu wanaiita sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona kwa Wanyamwezi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mrundi haitaji sheria hiyo, anaongea tu. Lakini Wajerumani walipofanya mji ule makao yao mwaka 1912, walikuja na masikio yaliyokwisha kuzoea Kiswahili cha pwani, pamoja na makarani na askari waliokisema. Ninavyoona mimi, ki- ya Kitega imetoka huko. Wabelgiji wakairithi, wakaichapa, na kitu kikishachapwa kinapata nguvu ya ajabu. Hata aliyejua kwamba si sahihi alikinakili vilevile.

Chapa yenyewe ilitoka mbali. Kamusi ya Kifaransa na Kirundi ya padri J.M.M. van der Burgt, ambayo iliongeza pia maana kwa Kiswahili na Kijerumani, ilitoka mwaka 1903, na ilichapwa Bois-le-Duc huko Uholanzi. Hebu fikiria: lugha nne kwenye ukurasa mmoja, na aliyepanga herufi hajawahi kusikia Mrundi akisema hata neno moja. Sarufi ya Meeussen ya 1959 ilitoka Tervuren, Ubelgiji, na kamusi ya Rodegem ya 1970 ikatoka hukohuko Tervuren. Ni kazi nzito, sizidharau. Vitabu hivyo vya wanaisimu vilijali toni za Kirundi. Maandishi yetu ya kila siku hayaweki alama hizo, ndiyo maana umuryango kwenye karatasi inaweza kuwa mlango au familia, na msomaji anaamua mwenyewe. Kwa mtu aliyepoteza vyote viwili, hilo si jambo dogo.

Kiswahili kilikuwa na bahati zaidi kidogo. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864, alikuwa anajua uchapaji kwa mikono yake, na vijana waliotolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi kwenye matbaa ya misheni palepale Unguja. Mpangaji alikuwa anaelewa anachopanga. Baadaye, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi 1930 ikakaa kuamua tahajia za vitabu vya shule. Watu wachache mezani, na mpaka leo sisi tunaandika walivyoamua. Siku hizi meza ya namna ile imo ndani ya kompyuta, na watu wengi hawajui kwamba ipo.

Nilijifunza hilo Gitega, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikisoma hisabati kwenye chuo ambacho sitakitaja. Tulitakiwa kuandika kazi ya kumaliza masomo kwa LaTeX. Kwa wasioijua: hii si kama Word ambapo unaona ukurasa ukiandika. Unaandika maandishi matupu pamoja na amri, kisha programu inayachakata na kupanga ukurasa. Chini yake kuna TeX, inayosomwa “tek”. Aliyeitengeneza ni Donald Knuth wa Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, akaona herufi ni mbaya kuliko za toleo la kwanza, akaudhika, akaamua kuandika programu yake mwenyewe. Alidhani ni kazi fupi. Ilimla karibu miaka kumi. Leslie Lamport akaongeza LaTeX juu yake katika miaka ya 1980 ili watu wa kawaida waweze kuitumia, na humo ndimo mafaili ya mtindo yalipozoeleka, yale yanayoishia na .sty. Faili la mtindo ndilo linaloamua pambizo, ukubwa wa vichwa, neno la kuandika juu ya kila sura, na maneno yakatwe wapi mstari ukijaa.

Faili la chuo chetu lilikuwa limetoka Ulaya kwenye disketi ya mwalimu, na lilikuwa la Kifaransa tupu. Kwa kazi ya Kifaransa, sawa. Lakini rafiki yangu wa chumbani alikuwa na kiambatisho cha mahojiano kwa Kirundi na Kiswahili, na humo ukurasa ukageuka kichekesho. Kila alama ya kuuliza ilisogezwa mbali na neno lake, maana Kifaransa kinataka nafasi mbele ya alama hiyo. Juu ya sehemu ya Kiswahili kukaandikwa Chapitre. Na mwisho wa mistari: Bujum-bura. Nyum-bani. Wanan-chi. Mtu wa lugha zetu akiona nyum-bani ulimi unajikwaa, kwa sababu sisi hatufungi silabi hivyo. Ni nyu-mba-ni, Bu-ju-mbu-ra. Programu haikuharibika. Ilikuwa inatii sheria za Kifaransa sawasawa kabisa, na haikutoa onyo lolote.

Hapo ndipo ugumu wa hizi programu. Kosa linalopiga kelele ni rahisi. Programu ikisema “Undefined control sequence”, yaani amri haijulikani, inakupa na namba ya mstari. Nenda pale, utakuta umekosea herufi au hukuita faili la mtindo lenye amri hiyo. Ikisema faili fulani la .sty halikuonekana, litafute, liweke kwenye folda ileile ya hati yako, maana huko ndiko inakoangalia kwanza. Yakitokea makosa arobaini, shughulikia la kwanza tu kisha chakata upya. Mengi ya yaliyofuata ni watoto wa lile la kwanza. Ukishindwa kabisa, kata hati nusu. Nusu ikipita, ugonjwa uko kwenye nusu nyingine, nayo ikate tena. Kwa njia hiyo kurasa mia zinapungua kuwa aya moja kabla chai haijapoa.

Muyinga, nilipokuwa nafundisha sekondari, tatizo lilikuwa jingine. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na programu inayojaribu kupakua mafaili ya mtindo yenyewe pale yanapokosekana. Wazo zuri kwa mwenye intaneti. Sisi tulikuwa tunangoja umeme, ukija tunangoja mtandao, mtandao ukija umeme unakatika. Basi tulizoea kubeba mafaili kwenye flashi kutoka Gitega. Na kulikuwa na la lafudhi: ukiandika Espérance kwenye mashine moja, mashine ya pili inakutolea EspÃ©rance. Maana yake faili limehifadhiwa kwa UTF-8, na anayelisoma anadhani ni mfumo wa zamani wa Ulaya Magharibi. LaTeX ilianza kuichukulia UTF-8 kama kawaida mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo ilibidi uiambie. Ukikutana na jina la namna hiyo kwenye orodha yoyote, ndugu mfanyakazi wa shirika, usilifute wala usilikisie. Jina bado lipo zima ndani. Fungua upya faili ukichagua UTF-8.

Nisije nikawaonea Wafaransa. Wao wenyewe walipata taabu. TeX ya mwanzo ilipanga é kwa kubandika alama juu ya e, na neno lenye kibandiko hicho halikuweza kukatwa tena baada ya alama. Watumiaji wa Ulaya walilalamika, Knuth akakubali kuipanua programu, na mwaka 1990 watu wa TeX walikutana Cork, Ireland, wakakubaliana mpangilio mpya wa herufi ambao ndani yake é ni herufi kamili. Walioenda walipata. Kirundi hakikuwa na mtu pale.

Baada ya Cork Knuth hakubadilisha tena kitu kikubwa. Anasahihisha makosa tu, na namba ya toleo inaongezeka tarakimu moja kuelekea pai. Sasa ni 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa namba iwe pai yenyewe na makosa yaliyobaki yahesabiwe kuwa sehemu ya programu. Watu wanacheka, lakini faida yake ni kwamba hati niliyoiandika Gitega bado inafunguka leo. Hati za Word za miaka ileile nilizivuka nazo mpaka wa Kobero mwaka 2015, na nyingi zilipofunguliwa kwenye mashine mpya zilikuja na mistari iliyosogea na majedwali yaliyovunjika.

Kwa hiyo tulipoanza kukusanya simulizi za wazee hapa kambini, niliomba tutumie LaTeX. Wenzangu hawakufurahi. Walisema itatuchelewesha, na kweli ilituchelewesha. Lakini baadhi ya wazee hawa walikimbia 1972, wakarudi, wakakimbia tena. Karatasi zao zimebaki kwenye nyumba zilizoungua au mikononi mwa watu waliokufa. Wanachotupa mdomoni ndicho kilichobaki, na sikutaka kukihifadhi kwenye kitu kitakachovunjika baada ya miaka kumi.

Kazi ya kwanza ikawa kukata maneno. Kwa Kiingereza TeX inatumia ruwaza 4,447, zilizotokana na utafiti wa Frank Liang uliokamilika 1983, maana Kiingereza hakina utaratibu. Kiswahili na Kirundi vinatosheka na ruwaza tano: a1, e1, i1, o1, u1. Yaani ruhusa ya kukata ipo baada ya kila irabu. Basi. Unaongeza chache kwa maneno ya kuja kama daktari na labda, ambayo silabi zake zinafungwa. Nilipoziweka mara ya kwanza programu ilikataa, ikisema ruwaza zinapakiwa na INITEX peke yake. Maana ya ujumbe huo ni kwamba injini ya kawaida inazipokea ruwaza siku inapoundwa tu, si wakati wa kuchakata hati. Dawa ni kutumia LuaLaTeX, ambayo inazipokea wakati wowote. Amri ya kutafuta ni \babelpatterns. Siku hiyo nilichapa ukurasa mmoja wa majaribio na kuupeleka kwa mama mmoja jirani anayesoma kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho bila kusimama, akaniuliza nilitaka nini.

Kazi ya pili ndiyo ya Muhinga. Baadhi yetu walisema tusahihishe, tuandike Muyinga kila mahali, ndiyo sahihi. Nilikataa. Mzee akinionyesha kadi yenye Muhinga, na kitabu chetu kikaandika Muyinga, tumemwongezea tatizo badala ya kumsaidia: sasa kuna karatasi mbili zinazopingana juu ya mahali alipozaliwa. Kwa hiyo kwenye faili la mtindo niliweka amri moja, \mji, inayochukua majina mawili. Kwenye ukurasa linatokea jina la kwanza kama mzee alivyolisema au kama lilivyo kwenye kadi. Kwenye faharasa ya nyuma yanatokea yote mawili, kila moja likielekeza kwa mwenzake: Kitega, tazama Gitega, Gitega, pia Kitega. Kijana wa mezani akitafuta lolote atalipata. Urundi na Burundi, Usumbura na Bujumbura, ni hivyohivyo.

Ya tatu ni ndogo. LaTeX ina njia ya kuliweka faili la mtindo ndani ya hati yenyewe, juu kabisa, kwa amri ya filecontents. Hati ikichakatwa inalitoa faili hilo na kulitumia. Ukinakili hati moja umenakili vyote. Kwa sisi tunaohamishwa zoni bila kuulizwa, naona amri hiyo imeandikwa na mtu aliyewahi kufungasha usiku.

Toni bado. Mzee mmoja alitupa methali ambayo bila alama inasomeka kwa maana mbili, na moja ni tusi. Tumeweka alama kwenye methali tu, simulizi tumeziacha zilivyo. Kuna wenzangu wanaotaka alama kitabu kizima, na kuna wasomaji waliosema wakiziona wanadhani ni uchafu wa printa.

Faili la mtindo lina mistari arobaini hivi, na maelezo yake nimeyaandika kwa Kiswahili. Anayelitaka aje na flashi, na kama ana karatasi ya zamani yenye jina la mahali lililoandikwa tofauti, aje nayo pia niliongeze kwenye orodha.