Dalali wa farasi wa mbio: mjue kabla hujampa mkono

Mpwa wangu anahudumia farasi kwenye mabanda ya Dubai, na huu ni mwaka wake wa saba. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku wa manane ili mamake asisikie. Yeye na wenzake wanne wamechanga akiba zao wanunue farasi mmoja wa mbio huko Uingereza, na tayari wamepata dalali. "Mjomba, wewe umeshinda na madalali wa magari miaka yote hiyo. Hebu nitizamie huyu."

Ni kweli, magari yaliyotumika nimeyanunua na kuyauza hapa Mombasa, na nimeumwa mara mbili. Farasi siwajui. Lakini fedha zile ni jasho la kijana wa watu, nikakaa wiki mbili nikisoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaandika kwa sababu najua wapo vijana wetu wengi katika mabanda ya Ghuba wenye ndoto hiyo hiyo.

Farasi wengi wa mbio huuzwa mnadani wangali na mwaka mmoja na miezi kadhaa, kabla hawajakimbia mbio hata moja. Mnada wa Tattersalls ulianzishwa 1766, na ule wake mkubwa wa farasi wa umri huo hufanyika Newmarket mwezi wa Oktoba. Kuna Goffs wa Ireland, Arqana wa Deauville huko Ufaransa, na Keeneland wa Kentucky, Marekani, ambao mauzo yake ya Septemba hupitisha farasi kwa maelfu. Tattersalls bado wanataja bei kwa gini, yaani pauni 1 na peni 5. Ukisikia 20,000, jua ni pauni 21,000, kisha kuna kodi, na kamisheni ya dalali ambayo kwa mazoea ni asilimia 5. Hapo hujamlisha hata siku moja.

Kazi ya dalali mzuri ni nzito. Husoma nasaba kwenye katalogi, ambamo jamaa wa farasi waliong'ara katika mbio kubwa huchapishwa kwa herufi nzito. Huzunguka mabandani kumtazama farasi akitembea, humwita daktari wa mifugo aangalie picha za mifupa na njia ya pumzi, huweka kikomo cha bei, na hushindana mnadani kwa niaba yako. Nyundo ikigongwa tu, farasi ni wako na hasara yake ni yako. Akivunjika mguu akirudi bandani, umevunjikiwa wewe. Kwa hivyo bima iwe imeshapangwa kabla ya nyundo.

Dalali anayekuahidi ushindi mkimbie. Mwaka 1983 pale Keeneland, Sheikh Mohammed wa Dubai alimnunua Snaafi Dancer kwa dola milioni 10.2, na farasi huyo hakukimbia mbio hata moja. Mwaka 2006 The Green Monkey aliuzwa Florida kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu, hakushinda. Wanunuzi hao wana wataalamu wa kila aina. Sembuse vijana watano wa mabandani?

Lakini farasi mbovu ni bahati mbaya. La kuogopwa zaidi ni dalali anayekula pande mbili. Anakubaliana na mwenye farasi kwa 30,000, anakwambia wewe 45,000, na kilichozidi wanagawana. Au mnadani anakuwepo mtu wake anayepandisha bei bila nia ya kununua. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina lake, najshi, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Tena Uingereza na Ireland kuna desturi ya muuzaji kumrudishia mnunuzi kitu kidogo baada ya mauzo, kama bahati njema. Kitu hicho ni haki yako wewe uliyelipa, lakini mkono unaokipokea mara nyingi ni wa dalali. Malalamiko yalizidi hata Kentucky wakatunga sheria mwaka 2006: dalali haruhusiwi kuwakilisha pande mbili bila idhini ya wote kwa maandishi, wala kupokea kutoka upande mwingine chochote kinachozidi dola 500 bila kumwambia aliyemtuma.

Utampataje mwaminifu? Uingereza kuna shirikisho la madalali hawa, na wanachama wake wana kanuni za kazi. Anzia hapo, lakini usiishie hapo. Hata mkufunzi wa farasi akikupendekezea mtu, muulize kama ana fungu lake. Njia iliyonipendeza zaidi haihitaji kujua farasi kabisa. Kampuni za minada hutangaza matokeo, farasi kwa farasi, na jina la mnunuzi na bei. Chukua aliowanunua dalali huyo miaka mitatu iliyopita, kwa bei kama yako, uhesabu wangapi walifika uwanjani na wangapi walishinda. Wote, si wale anaokuonyesha picha zao kwenye simu. Kisha omba kuzungumza na mteja ambaye farasi wake alishindwa. Huyo ndiye atakayekwambia jinsi dalali anavyopokea simu mambo yakiharibika.

Mkataba uandikwe: kamisheni kiasi gani na nani anailipa, kikomo cha bei, na kwamba chochote kitokacho kwa muuzaji ni chenu. Kamisheni ya asilimia ina kasoro yake, kwani bei ikipanda naye anapata zaidi. Ujira maalumu ni salama zaidi akikubali. Daktari mchague nyinyi, asiwe yule anayemtibia farasi wa muuzaji. Na fedha zilipwe moja kwa moja kwa kampuni ya mnada.

Anayeuza naye aulize kuhusu bei ya chini: nani anaipanga, na gharama gani atalipa hata farasi asipouzwa. Kuhusu kamari na fedha za zawadi, hilo nimemwachia amuulize shekhe wake. Mimi si mtu wa fatwa.

Nikamwandikia masharti hayo katika ukurasa mmoja, akampelekea dalali atie sahihi. Siku tatu kimya. Ya nne akajibu kwamba katika biashara hii watu huaminiana, na kwamba fedha ziingie kwenye akaunti yake kabla ya Ijumaa kwa sababu farasi ana wanunuzi wengine. Wenzake wawili wametuma. Mpwa wangu na waliobaki wamekataa, na sasa hawasemezani na wale wawili, ilhali wanalala chumba kimoja.

Mamake bado hajui.