Yaliyomo Ndani ya Bunduki ya Wawindaji wa Katanga

Vijana wengi wanasema bunduki ya pupu ni kitu cha mababu, sawa vile upinde na nyavu. Sisi tunaomba tuangalie kwanza kile inachokula. Pupu inajaziwa kwa mdomo: baruti nyeusi, kizibo cha majani ao cha kitambaa, vipande vya chuma, kisha kizibo tena kusudi visimwagike. Kwa upinde, mwindaji alijitengenezea yote, mti, kamba, mshale na sumu. Lakini baruti inataka shura, kiberiti na makaa, na katika hivyo vitatu ni makaa tu yalipatikana kila kijiji.

Njo pale historia yetu inaingia. Msiri, aliyetoka Usumbwa (leo ni Tanzania) na kujenga Bunkeya, alipata bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, shaba na, tuseme wazi, watu. Misafara ilitoka Benguela, upande wa Atlantiki, na pwani ya mashariki. Mwenye kugawa baruti njo aligawa nguvu. Chifu asiye nayo, bunduki yake ni fimbo tu. Wasanga walipoasi, njia za biashara zikawa ngumu na baruti ikapunguka. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs akampiga Msiri risasi. Naye Bodson akafa palepale Bunkeya.

Mwaka mmoja mbele ya ile, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi kule Brussels. Kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, kuingiza silaha kulikatazwa, lakini njia iliachwa kwa bunduki za jiwe, zenye mdomo laini ndani, pamoja na baruti ya biashara. Kwa maoni yetu pupu ilidumu zaidi juu ya ile: silaha nzuri zilifungwa, mbaya zikaachwa zipite.

Kartushi ya kalibre 12 ni mambo yaleyale, ila yamefungwa ndani ya ganda moja. Mfaransa Lefaucheux alisaidia kufungua njia hiyo katika miaka ya 1830. Chini kuna kitako chenye fataki, kisha baruti isiyo na moshi, iliyogunduliwa na Paul Vieille mwaka 1884, kizibo, marisau, na mdomo uliokunjwa. (Wanafunzi wasijaribu kuichana!) Ile 12 inashangaza watu. Maana yake: risasi ya mviringo inayoenea mdomo wa bunduki, 12 zake zinapima livre moja.

Marisau yenyewe kwa kawaida ni ya plomb, nayo ni sumu. Yakipita nyamani yanaacha chembe ambazo macho hayazioni. Kutema yale yanayogonga meno haitoshi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha plomb ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto njo wanaumia zaidi. Mama anayepika nyama ya pori akate kwa upana ile iliyo kandokando ya kidonda, aitupe, hata kama mwindaji analalamika.