Tupime Visima Vyetu Mapema

Wana-Mkuranga wenzangu, viwanda vimetuletea ajira, nasi tunashukuru. Ila tukumbuke yaliyoipata Hinkley, kijiji cha California, Marekani. Kuanzia 1952 hadi 1966, kituo cha kusukuma gesi kilimwaga maji yenye kromiamu, dawa ya kuzuia kutu, kwenye mabwawa yasiyosakafiwa. Sumu ikazama ardhini, ikafika visimani. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kuwalipa wakazi dola milioni 333. Hata baada ya malipo, ubishi uliendelea miaka mingi: ipi ni kromiamu ya asili ya ardhi, na ipi ya kituo?

Sisi wahasibu tunajua: bila salio la kuanzia, hesabu haifungiki. Mchango wako wa mwaka huu utapima visima vyetu sasa, kabla ya ubishi.