Kwani Mjomba Alikuwa Mwizi?

Najua nimekuwa kimya, ila safari hii si uvivu. Mitihani ya semista iliisha, nikaenda zangu likizo Tanga, na huko nikajipa kazi ambayo mama aliiita kazi ya kumaliza luku bure. Nilikuwa natengeneza PlayStation. Siyo hizi za sasa jamani, naongelea ile ya kwanza kabisa, ya kijivu, yenye mfuniko unaofunguka juu kama wa sufuria.

Mashine yenyewe ni ya mjomba. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2006 alikuwa na kibanda cha gemu: TV mbili, PlayStation mbili, mabenchi, na vijana wanaolipa kwa mechi. Moja iliibiwa, hii ikabaki. Nimeikuta juu ya kabati la bibi, ndani ya mfuko wa rambo, tena ule wa zamani kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019. Mjomba alishapatana na vijana wa vyuma chakavu waje kuichukua.

"Shikamoo mjomba. Naomba unipe wiki moja kabla hujaiuza."

"Marahaba. Wewe si unasomea ualimu? Ufundi umeanza lini?"

Nikamwambia nasomea ualimu wa Historia, na hiyo nayo ni historia. Akacheka sana. Basi nikapewa wiki moja.

Nikachomoa waya wa umeme, nikaiacha ikae muda (upande wa pawasapulai unaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, msije mkasema sikuwaonya), nikachukua bisibisi. Chini imeandikwa SCPH-1002. Ile 2 ya mwisho inamaanisha ilitengenezwa kwa soko la Ulaya. Ya Japani ilikuwa SCPH-1000, ya Marekani SCPH-1001. Ndani kulikuwa na vumbi na mayai ya mende, ila kilichonishtua kilikuwa kwenye bodi. Kuna chipu ndogo nyeusi ya miguu minane, imebandikwa na gundi, imeunganishwa kwa nyaya nne nyembamba za rangi tofauti. Maandishi ya juu yamekwanguliwa. Hata mimi nisiye fundi nilijua hii haikutoka kiwandani. Kuna mkono wa mtu umepita hapa.

Tulipofundishwa mbinu za historia tuliambiwa chanzo cha awali kinaweza kuwa barua, kigae cha chungu, hata kaburi. Mimi nikaona hapo nina chanzo changu cha awali, kimechomelewa kwa risasi! Ikabidi nianze kukisoma.

Turudi nyuma kidogo. PlayStation ilizaliwa kutokana na ugomvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sony na Nintendo walikuwa wanashirikiana kuiwekea mashine ya Nintendo kisomea CD. Juni 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki kule Chicago, Sony ikatangaza mpango huo hadharani. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kuwa itashirikiana na Philips. Yaani umeposa, umetangaza, kesho yake mchumba anatangaza harusi na jirani! Ndani ya Sony, injinia Ken Kutaragi akaendelea kupigania wazo lake na mkuu wa kampuni Norio Ohga akamuunga mkono. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikaanza kuuzwa Japani kwa yeni 39,800. Marekani na Ulaya ikaingia Septemba 1995. Mwisho wa yote iliuzwa zaidi ya mashine milioni 102, na utengenezaji ukasimama mwaka 2006.

Silaha yao ilikuwa CD. Gemu za Nintendo za wakati ule zilikaa kwenye kaseti zenye chipu ndani, ghali kuzitengeneza. CD inabeba megabaiti 650 hivi na kuizalisha ni rahisi sana. Tatizo ni kwamba kilicho rahisi kwao kilikuja kuwa rahisi kwa kila mtu. Mashine za kuchoma CD ziliposhuka bei mwishoni mwa miaka ya 1990, kijana yeyote mwenye kompyuta aliweza kunakili.

Sony walilijua hilo mapema, wakaweka kufuli. Na hii kufuli ni akili kubwa, lazima niseme. Kwenye CD data zimepangwa kwenye mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda nje. Kwenye CD halisi ya PlayStation, ule mstari wa mwanzoni kabisa hauendi sawasawa, unayumba kidogo kushoto na kulia kama mtu aliyetoka kilabuni. Kuyumba huko kuna maana, kumebeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Lenzi inapoufuata mstari, mashine inahisi huko kuyumba na kuzisoma herufi. Zikilingana na zake, gemu inafunguka. Zisipolingana au zisipokuwepo, huchezi. Sasa ukichoma CD nyumbani, kompyuta inanakili data tu, kule kuyumba hainakili, kwa sababu CD tupu inakuja na mstari wake tayari. Kwa hiyo nakala yako ina kila kitu isipokuwa zile herufi nne.

Hapo ndipo inaingia chipu ya mjomba. Aina iliyotumika sana ilikuwa PIC12C508 ya kampuni ya Microchip ya Marekani, kitu kidogo chenye nafasi ya maagizo 512 tu, na hii yetu inafanana nayo kwa miguu na kwa nyaya. Nyaya mbili zinachukua umeme, mbili zinaingia kwenye njia ya mawasiliano. Kazi yake ni kurudia herufi zile nne tena na tena, mashine ikadhani imezisoma kwenye CD. Ni kama mtu amesimama mlangoni anamjibu askari, "Huyu ni wetu, huyu ni wetu, huyu ni wetu." Kuanzia 1999 baadhi ya gemu zikaanza kumtega huyo mtu: zikisikia anasema hata asipoulizwa, zinagoma. Mafundi nao wakatoa chipu zinazosema mara moja kisha zinanyamaza. Mbio za paka na panya.

Lakini angalieni tena herufi zile wadau. Japani, Marekani, Ulaya. Afrika Mashariki haikuwa na herufi zake. Mashine zilizotufikia zilitoka popote, mitumba kwa mitumba, na CD nazo zilitoka popote. Kwa Tanzania Bara hata televisheni yenyewe ilianza 1994, mwaka uleule wa PlayStation (Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi). Mjomba anasema gemu iliyomlipa kuliko zote ilikuwa mpira wa Winning Eleven, wa Kijapani. CD ya Kijapani, iliyonakiliwa, ndani ya mashine ya Ulaya! Bila chipu hapo hakuna kitu. Tena kwa kuwa mfumo wa rangi wa Japani si huu wetu, TV yake moja ilionyesha nyeusi na nyeupe, Brazil na Argentina zote rangi ya majivu. Na maandishi yote Kijapani. Vijana wakakariri: ya tatu kutoka juu ni kombe, ya pili ni mechi ya kirafiki. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja, na hakuna aliyekosea.

Turudi mezani. Ugonjwa wa mashine ulikuwa ule maarufu wa matoleo ya kwanza. Kitoroli kinachobeba lenzi ni cha plastiki na kinatembea juu ya plastiki, halafu kimekaa karibu na pawasapulai yenye joto. Kikisuguana miaka mingi kinalika, lenzi inainama, picha inakatakata, sauti inakwama. Ndiyo maana dunia nzima watu waliigeuza mashine kichwa chini ili uzito uvutie upande mwingine. Matoleo yaliyofuata Sony waliihamisha lenzi mbali na lile joto. Mimi nilisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, nikafuta reli, nikapaka grisi kidogo sana, na pale palipolika nikaweka kipande chembamba nilichokata kwenye kadi ya vocha. Mara ya kwanza ikagoma. Ya pili ikagoma. Siku ya nne usiku, nikiwa nimekata tamaa, mjomba akasema kutoka kwenye kiti chake, "Jaribu kuigeuza." Nikaigeuza. Ikawaka, ikasoma! Kesho yake nikaongeza kipande kingine cha vocha, ikasoma na ikiwa wima kama ilivyozaliwa.

Tukiwa tunafurahia, nikamweleza mjomba habari za chipu kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa kimya muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nilikuwa mwizi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Ninyi hamjui kilichokuwa ndani ya swali lile. Kibanda kile ndicho kilichomlipia mama ada ya chuo cha ualimu, 2001 mpaka 2003. Mama ni mdogo wake. Wazee wa mtaa walimwita mjomba mharibifu wa watoto, walimu walikuja kukamata watoro pale, na mama alipoanza kazi mwaka 2004 naye akawa anachapa watoro wa vibandani, kwa cheti kilicholipiwa na kibanda. Leo mimi nasomea kazi hiyohiyo. Sasa mjomba amebeba aibu ya kibanda miaka yote, halafu mimi namwongezea nyingine juu?

Nikarudi kusoma. Nikakuta kwamba swali lake limeshaulizwa mbele ya majaji. Sydney, Australia, kulikuwa na mtu anaitwa Eddy Stevens aliyeuza na kufunga chipu hizi, Sony ikamshitaki. Hata tume ya serikali ya kulinda walaji iliingia kwenye kesi, ikieleza kuwa chipu hiyo inamwezesha mtu kucheza pia gemu halali aliyoinunua nchi nyingine. Mwaka 2002 jaji alimpa Stevens ushindi kwenye suala la kufuli. Mwaka 2003 rufaa ikampa Sony. Tarehe 6 Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikamrudishia Stevens. Hoja yao: kufuli ya PlayStation haimzuii mtu kunakili CD. Inamzuia kuicheza, na hapo kunakili kumeshafanyika. Kwa hiyo kwa maneno ya sheria yao ya wakati ule, haikuwa kinga ya hakimiliki. Mwaka 2006 bunge lao likaibadilisha sheria. Na Uingereza, kwenye kesi ya chipu za PlayStation 2 mwaka 2004, mahakama ilikuwa imesema kinyume kabisa.

Nikampelekea mjomba. Akafikiri. "Kwa hiyo mimi huyuhuyu, Australia nashinda, Uingereza nafungwa?"

"Kufungwa sijui mjomba, ila kesi ungeshindwa."

Akacheka, ila sikutaka kumdanganya. Nikamwambia chipu ni jambo moja na CD ni jingine. Walioitengeneza Winning Eleven hawakupata hata senti kwenye zile mechi zote, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka uleule wa 1999 alipofungua kibanda, na programu za kompyuta zimo. Hakubisha. Alisema tu kwamba CD halisi alikuwa hajui hata ilivyo. Siku alipoiona ya kwanza, chini nyeusi tii kama zilivyo zote za PlayStation ya kwanza, akadhani imeungua, akairudisha kwa mwenyewe.

Mimi naona hivi. Kwenye CD mjomba alichukua cha watu, na tusiipambe historia ili ipendeze. Lakini mtu aliyefungua mashine yake mwenyewe, ambayo watengenezaji waliigawia dunia herufi tatu na yeye hakuwemo, simwiti mwizi. Na yule fundi aliyechomelea nyaya nne bila kuunguza bodi, bila kitabu, ndiye aliyekamilisha safari ya mashine hii kutoka Japani mpaka Tanga. Nikamuuliza mjomba jina lake. Hakumbuki. Alikuwa fundi redio, alikaa karibu na stendi, alikuwa na kovu kidoleni. Basi. Kutaragi na Ohga wana majina na tarehe. Huyu ana kovu.

Jamaa mmoja wa uhandisi hapa chuoni kaniambia chipu haina kazi tena, niitoe. Ni kweli, tangu 2021 zipo programu unazoziweka kwenye memori kadi zikaifungua mashine hii bila kuchomelea chochote. Nikamwambia hapana. Grisi nimebadilisha, vocha nimeweka, ila zile nyaya nne sijazigusa. Nimekunja karatasi ndani, nimeandika tarehe na nilichokitengeneza, ili atakayefungua siku nyingine asipate shida niliyoipata mimi.

Vijana wa vyuma chakavu walikuja Jumamosi. Mjomba aliwapa pasi mbovu na nondo mbili. Halafu akanifunga 3-0 kwa Brazil, ya majivu.

Haya wadau, kesho kipindi saa moja asubuhi. Tuonane tena.