Abu Turab: jina la vumbi lenye halikubali kuwa tusi

Leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea. Lakini udongo hatutauacha, sababu jina lenye nataka tuchunguze linatoka ndani yake: Abu Turab.

Kwa Kiarabu cha zamani, "turab" ni udongo mukavu, vumbi yenye tunakanyaga. "Abu" ni baba. Jina la namna hii Waarabu wanaliita kuniya. Sisi pia tuko nalo: mama akizaa Furaha, mutaa muzima unamuita Mama Furaha. Lakini kwa Waarabu "abu" haionyeshi mutoto tu. Inaweza kuonyesha kitu chenye mutu anapenda ao chenye kinakaa naye. Ndiyo maana mwenzake mumoja wa Mutume Muhammad aliitwa Abu Hurayra, "baba wa kapaka", na kumbe hakuzaa paka!

Abu Turab ni Ali bin Abi Talib, binamu na mukwe wa Mutume, khalifa wa ine, mwenye alitawala tangu 656 mpaka alipouawa kule Kufa 661. Kuniya yake ya kawaida ilikuwa Abu al-Hasan, sababu ya Hasan, mutoto wake wa kwanza. Sasa vumbi ilitoka wapi?

Kuko habari mbili. Ya kwanza: siku moja Ali na bibi yake Fatima walikosana kidogo, Ali akatoka nyumbani na kasirani, akaenda kulala ndani ya musikiti wa Madina. Mutume akamukuta pale, nguo imeanguka, mwili umejaa vumbi. Akaanza kumupanguza na mukono wake, akimuita Abu Turab ili aamuke. Ya pili inatoka kwa Ammar bin Yasir: walikuwa safarini kule Ushayra, wakaenda kuangalia watu wenye walikuwa wanatumika kwenye kisima na mitende yao. Usingizi ukawashika, wakalala juu ya vumbi laini chini ya mitende. Mutume akakuja kuwaamusha.

Habari zote mbili ziko na upendo ndani. Lakini kisha kifo cha Ali, utawala ulienda kwa ukoo wa Umayya, na wakubwa wao wakageuza lile jina kuwa tusi: "baba wa vumbi", yaani mutu wa bure. Liwali mumoja wa Madina alimuita muzee Sahl bin Saad, mwenye alimujua Mutume, akamwambia amutukane Ali. Sahl akakatala. Liwali akasema: basi, ulaani tu Abu Turab. Sahl akamujibu kwamba Ali hakuwa na jina lenye alipenda kupita lile, na akamuelezea habari ya musikiti. Mbele ya mutu mwenye mamlaka, ile haikuwa kazi ndogo. Na ni kwa kinywa chake ndiyo tunajua ile habari.

Jambo lenye linanishangaza kama agronome ni hili: neno lenyewe liko na pande mbili. Kwa muzizi ule ule wa "turab", Waarabu walipata "tariba", kuwa masikini mpaka kushikamana na vumbi. Tena wakapata "atraba", kuwa tajiri, mali kuwa mengi sawa vumbi. Umasikini na utajiri, muzizi mumoja. Mulimaji hawezi kushangaa sana: udongo ule ule unaangusha mumoja na kulisha mwingine.

Kwa hiyo kamusi peke yake haitoshi. Vumbi ilikuwa ile ile, lakini mumoja aliipanguza na mukono, mwingine akairusha kwa uso. Kwetu pia watu wanasema "huyu ni mulimaji tu", "huyu ni mutu wa udongo". Tuangalie kwanza nani anasema, na anasema na moyo gani. Kisha tuamue kama tutalikatala lile jina, ao tutalibeba na furaha sawa Ali.