Zana za Msimulizi katika Nchi ya Wamwera

Wapo wasemao kwamba mtunzi ni yule tu ashikaye kalamu. Neno hilo halina budi kupimwa, na nchi ya Wamwera, yaani Nachingwea, Ruangwa na sehemu za Lindi, yatupa kipimo chema. Huko utunzi ulitangulia karatasi. Zana zake zilikuwa sauti, usiku, moto na watu wa kuitikia.

Tutazame zana zilizofuata. Mwaka 1870 Edward Steere wa UMCA alitoa kwa chapa, huko London, ngano alizosimuliwa Unguja. Mwaka 1876, akiwa askofu, alipanda kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji haujazimika bado, Karl Weule wa Leipzig alisafiri toka Lindi hata Masasi na Newala, akichukua fonografu ya kunasa sauti juu ya nta. Kisha Lyndon Harries alichapisha vitendawili vya Wamwera mwaka 1947, na sarufi ya Kimwera mwaka 1950.

Kila zana ilihifadhi kitu na kupoteza kingine. Kalamu ilishika maneno, ikaacha sauti. Nta ilishika sauti, ikaacha uso wa msemaji na mkono wake. Chapa ilipeleka habari mbali, lakini ilimwondoa mwitikiaji, ambaye ni nusu ya kazi.

Jambo hili laonekana wazi katika kitendawili. Mtegaji husema, “Kitendawili!” nao huitika, “Tega!” Wakishindwa hudaiwa mji, na hapo ndipo penye ladha: kungoja, kukisia, kukosea mbele ya wenzako. Kitabuni jibu limelala chini ya swali. Msomaji hushusha jicho tu, wala hatoi mji. Maneno ni yale yale, bali mchezo haupo.

Je, tuilaumu karatasi? La. Kati ya 1947 na 1951 matrekta yaling'oa misitu ya Nachingwea kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga, na reli ikajengwa. Mpango ule uliachwa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa 1962. Chuma kile hakikudumu, ila vitendawili vilivyoandikwa miaka ile ile vyasomeka hata leo.

Basi, shauri letu kwa akusanyaye ni hili: asiandike neno la msimulizi peke yake. Aandike pia waliitikiaje, ni nani aliyecheka, ni majibu gani mabaya yaliyotangulia lile jema, na ni mji upi uliotolewa. Naye atungaye hadithi mpya aache mahali pa msomaji kukisia kabla hajaambiwa. Atakayefanya hivyo atakuwa ameishika kalamu bila kuuzima moto.